Mama Amefia Upande wa Pili

Barua ya kibali ilipofika Ukumbi wa Washonaji, Mwalimu Januarie aliisoma mara tatu, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaisoma mara ya nne. Serikali imekubali. Mchezo wake uchezwe, waigizaji weupe na wasio weupe wawemo, watazamaji wa kila rangi waingie, Jumamosi moja tu, saa tisa alasiri. Ila kuna sharti: ujengwe ukuta.

"Ukuta gani?" aliuliza Boeta Frans.

Boeta Frans Arendse ndiye aliyekuwa mshika funguo wa ukumbi ule, mfagiaji wake na seremala wake kwa miaka ishirini na miwili. Boeta ni kaka mkubwa, na pale Salt River, mtaa wa Cape Town, kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Ukumbi wenyewe ulijengwa na wanawake wa viwanda vya nguo, kwa mikono yao, Jumapili baada ya kanisa. Humo ndani watu walioana, wakaagana na maiti zao, wakapanga migomo, wakacheza michezo ya kuigiza ambayo polisi walikuja kuitazama wakiwa na madaftari.

"Ukuta wa mbao," alisema Mwalimu. "Uanzie nyuma ya jukwaa, upite katikati yake, ushuke, ukate ukumbi wote vipande viwili mpaka ukuta wa mbele. Futi nane kwenda juu. Usiwe na mlango wala tundu. Weupe kule, sisi wengine huku."

"Na waigizaji?"

"Elsabe kule, Kivedo huku."

"Si ni ndugu hao mchezoni? Si wanagombea meza moja ya marehemu baba yao?"

"Ndiyo hivyo, Boeta. Wagombee kupitia ukutani."

Kamati ilikutana Jumatano, na mkutano ukawa wa moto. Antie Dollie, mwenyekiti, mwanamke aliyeshona kola za mashati ya watu asiowajua kwa miaka thelathini, alisema heri mchezo ufe. "Serikali ikitaka ukuta ije iujenge yenyewe," alisema. "Sisi tusiwapunguzie kazi." Watu wakapiga makofi, na jambo lilikuwa limekwisha. Ndipo Boeta Frans akasimama. Kwa miaka yote ile hakuwahi kusema kitu mkutanoni ila kuwakumbusha watu wapange viti.

"Nitaujenga mimi," alisema.

Antie Dollie alimtazama. "Umelewa, Boeta?"

"Sijalewa. Mchezo uchezwe. Ukuta nitaujenga mimi, na Jumatatu nitaubomoa mimi."

"Kibaraka mkubwa," mtu alisema kutoka nyuma, na hakuna aliyemkemea.

Mwalimu Januarie ndiye aliyemwokoa. Alisema wapewe ukuta wao, tena wa haki, inchi kwa inchi kama ulivyoandikwa, tuone utamtoa nani jasho. Kura zikapigwa, na hoja ikapita kwa tofauti ya kura mbili. Lakini tangu jioni ile watu walipita mbele ya Boeta Frans kama wanaopita mbele ya kabati, na kwa mtu aliyezoea kusalimiwa na mtaa mzima, jambo hilo lilimkata maini.

Tuseme ukweli: Boeta Frans hakuwa na hoja yoyote juu ya serikali. Hoja yake ilikuwa mama yake. Mama alifariki tarehe nne Juni, miezi miwili nyuma, na Grieta hajui.

Grieta ni mdogo wake, wa tumbo moja. Miaka kumi na moja kabla ya hapo aliitwa ofisi ya serikali inayopanga watu kwa rangi, akaambiwa ainamishe kichwa, mtu akamchomeka penseli kwenye nywele. Penseli ikateleza ikaanguka sakafuni. Basi, akatoka pale mtu mweupe, mwenye karatasi ya mtu mweupe. Ya Boeta Frans isingeanguka hata angeruka kamba. Grieta akahamia Parow, mtaa wa weupe, akaolewa na mtu wa reli ambaye hajui kitu, akazaa watoto wawili wanaosoma shule ya weupe. Na kwa kuwa neno moja tu lingewatoa wale watoto darasani na yule bwana kazini, ndugu hawa hawakusemezana tena. Miaka kumi na moja.

Sasa utamwambiaje mtu kama huyo kwamba mama amekufa? Barua, mume anafungua. Simu, laini ni ya mtaa mzima na majirani wanasikiliza. Kwenda mwenyewe kubisha mlango wa mbele, Parow, na sura ile ile ya Grieta ila imeiva zaidi juani? Wangewaweka sura kwa sura na hesabu ingekamilika kabla chai haijapoa. Boeta Frans alimzika mama bila mdogo wake, akashona kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti, akakaa na habari ile kifuani kama mfupa uliokwama. Na hata hivyo si kifo peke yake. Mama alimwachia maneno ya kumpa.

Kwa hiyo barua ya kibali ilikuja kama imetumwa. Boeta Frans alimwomba Mwalimu mashine yake ya kuchapa, na kwa kidole kimoja akaandika kwamba Bibi Margaret Fourie wa Parow, maana ndivyo Grieta alivyoitwa sasa, amebahatika katika shindano la wasomaji, na zawadi yake ni tiketi moja, moja tu, ya mchezo wa kuigiza, Ukumbi wa Washonaji. Mstari wa saba, kiti cha kwanza, ubavuni mwa ukuta.

Mstari wa saba Grieta angeujua. Walipokuwa wadogo, katika sinema za zamani zisizo na sauti, viti vya watoto wa mtaani kwao vilikuwa mstari wa saba nyuma ya nguzo. Frans alikaa pembeni, akaona. Grieta alikaa nyuma ya nguzo, akaona nguzo. Basi kaka alimsimulia mdogo wake sinema nzima sikioni, nani kaingia, nani kaanguka, na maandishi akamsomea. Na alitia chumvi huyo! Farasi mmoja akawa sita, mbwa akawa simba. Mpaka Grieta anampiga kiwiko: "Unapiga chuku, Boeta." Alivumilia nguzo ile miaka minne wala hakuomba kuhama kiti.

Ukuta ukajengwa. Boeta Frans aliujenga peke yake kwa siku tisa, mbao za msonobari, na ulikuwa ukuta mzuri, hilo hata Antie Dollie alikiri kwa kutosema kitu. Meza ya mchezo aliikata kwa msumeno katikati, nusu moja akaipigilia huku, nusu nyingine kule. Na pale mstari wa saba, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, aliweka ubao wenye fundo, lile jicho jeusi la mti, akalilegeza kwa patasi mpaka likawa linatoka na kurudi kama kizibo. Sheria ilikataza tundu. Fundo si tundu mpaka litoke.

Asubuhi ya Jumamosi akaja mkaguzi kutoka ofisi ya vibali, Bwana Terblanche, mtu mwembamba, mpole, mwenye futi ya chuma na mafua. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alikuwa mbaya wa kupima. Alipima ukuta, akapima viti, akafika kwenye meza akasimama sana.

"Nusu hii na nusu ile," alisema, "ni meza moja?"

"Ilikuwa, Meneer," alisema Boeta Frans, akimwita bwana kwa lugha yao.

"Na sasa?"

"Sasa ni majirani."

Bwana Terblanche akaandika. Kisha akauliza mlango mkuu umebaki upande gani, na hapo ikagundulika kwamba ukuta, kwa vipimo vya ofisi yake mwenyewe, umeuacha mlango mkuu wote upande wa wasio weupe. Choo nacho huko huko. Weupe wamebaki na mlango wa jikoni.

"Weupe watapita jikoni?"

"Inchi ni zenu, Meneer," alisema Mwalimu Januarie kwa adabu kubwa. "Sisi hatukuthubutu kusogeza hata moja."

Saa tisa kasorobo wakaanza kufika. Wasio weupe waliingia kwa mlango mkuu wakiwa na kofia zao za kanisani, na Antie Dollie akiwa mbele, maana alisema haji lakini alikuja. Weupe waliingia kupitia jikoni mmoja mmoja, wakijibana kati ya ndoo na masufuria ya sambusa, wakiomba radhi kwa wapishi. Walikuwa watu arobaini hivi, wanafunzi wa chuo kikuu, na mabibi wa aina ile wapendao sanaa ya kisasa, ambao ukiwaambia wasimame kwa mguu mmoja watasimama na kukusifu. Aliyewaongoza alikuwa Bibi Pennington, bibi kizee mwenye kofia yenye nyoya. Alisema kuingilia jikoni ni wazo la kina sana.

Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa cheusi ili kuwe na giza. Boeta Frans alikaa mstari wa saba, kiti cha kwanza, upande wake. Hakuona kule. Hakujua kama Grieta amekuja. Moyo ulimpiga hadi akaona haya, mtu wa miaka hamsini na minne.

Mchezo ukaanza. Kivedo, huku, alikaa kwenye nusu yake ya meza akasema, "Meza hii baba aliniachia mimi." Kutoka nyuma ya mbao sauti ya Elsabe ikajibu, "Alikuachia miguu miwili." Basi, watu wakaona nusu na kusikia nusu. Na pengine wangevumilia hivyo hivyo mpaka mwisho, kama dakika ya kumi weupe wote wasingepasuka kicheko ghafla.

Ukumbi ule haukuwa na mazoea ya kukaa kimya. Antie Dollie aligonga ukuta kwa ngumi. "Nyie huko! Mnacheka nini?"

Kisha sauti ya mwanafunzi fulani ikajibu, "Amekaa juu ya chungu cha supu."

"Cha moto?"

"Inaelekea."

Upande wa huku ukaanguka kicheko, umechelewa lakini kamili. Na hapo kule wakataka kujua huku wanacheka nini. Dakika tano baadaye ukuta mzima, kutoka jukwaani mpaka mlangoni, ulikuwa umejaa watu waliobandika masikio na midomo kwenye mbao. Anafanya nini? Amesimama. Amevaaje? Vizuri, ila soksi. Watu ambao wangekaa ukumbini bila ukuta wasitazamane hata mara moja, sasa walikuwa wanaulizana habari kama mawifi.

Bwana Terblanche akafungua karatasi zake. Sheria ilikataza kukaa pamoja, kuingia pamoja, kula pamoja. Kusemezana na ubao haikutaja. Ikabidi atembee kuhakikisha. Na kwa kuwa ukuta hauna mlango, kila akitaka kuona upande wa pili alitoka kwa jikoni, akazunguka uani, akapita choo, akaingia kwa mlango mkuu, halafu akarudi hivyo hivyo. Yeye peke yake, katika mji mzima wa Cape Town siku ile, ndiye aliyeruhusiwa kisheria kuona mchezo wote, na watu hawakumpa nafasi ya kukaa.

"Meneer," Antie Dollie alimdaka akiingia, "yule binti bado analia?"

"Ameacha," alisema Bwana Terblanche kabla hajajizuia. "Sasa anaficha vijiko." Kisha akaona haya, akapiga chafya, akatoka mbio kuona vijiko vimefichwa wapi.

Katikati ya makelele hayo Boeta Frans alichomoa fundo. Tundu likatazama kitambaa cha koti, cha kijani. Aliweka mdomo pale. Alikuwa amejiandaa kwa miezi miwili, na sasa maneno yote yalimkimbia, ikabidi aanze na yale anayoyajua.

"Kijana amesimama," alisema kwa sauti ya chini. "Anatazama dirishani. Nje kuna farasi."

Kijani hakikusogea.

"Farasi sita," alisema Boeta Frans. "Na simba."

Mchezoni hakukuwa na farasi wala dirisha. Alingoja. Upande wa pili pumzi ilisikika ikivutwa, kisha sauti ambayo hakuisikia miaka kumi na moja, imekomaa, imejifunza lafudhi ya Parow, lakini ni yenyewe.

"Unapiga chuku, Boeta."

Machozi yalimtoka hapo hapo, wala hakuyafuta. Alimsimulia. Kivedo kafanya hivi, Kivedo kafanya vile, na Grieta akawa anacheka kwa puani kama zamani. Angeweza kuendelea hivyo mpaka mwisho wa mchezo, akamwacha arudi Parow na furaha yake. Alilifikiria hilo, tena sana. Kisha akaweka mdomo tunduni.

"Sasa kijana anakaa," alisema. "Anamwambia dada yake kwamba mama amefariki. Tarehe nne Juni, usingizini. Hakuumwa."

"Hilo hulitoi huko jukwaani," alisema Grieta.

"Silitoi."

"Unapiga chuku, Boeta."

"Safari hii sipigi, Grieta."

Kijani kikatoweka tunduni. Boeta Frans aliendelea kusema, maana angenyamaza asingeanza tena. "Alisema nikwambie alikuona. Mwaka juzi, stesheni ya Salt River, ulikuwa kwenye behewa lenu, dirishani. Alijificha nyuma ya mizani ya mizigo ili usimwone ukapata taabu. Alisema nikwambie koti la kijani limekupendeza sana."

Kutoka kule ikaja sauti, si ya kilio hasa, ya mtu aliyepigwa tumboni.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, utachagua mwenyewe. Antie Dollie alikuwa mstari wa nane, na masikio ya mshona kola hayapitwi. "Mama amekufa?" alisema. "Yesu wangu. Mama yao amekufa." Mbele wakauliza nani amekufa. Mama! Habari ikapanda ukutani mpaka jukwaani na kushuka upande wa pili. Bibi Pennington akaangua kilio. Elsabe, kule jukwaani, hakujua mama huyu katoka wapi, maana katika mchezo aliouhifadhi kulikuwa na baba tu, lakini alikuwa mwigizaji wa kweli. Akajitupa juu ya nusu ya meza akalia, "Mama!" Na Kivedo, asiyetaka kuachwa nyuma, akajitupa juu ya nusu yake.

Bwana Terblanche aliingia kwa mlango mkuu akihema, na nakala ya mchezo mkononi, ile yenye mhuri kila ukurasa. "Mama huyu hayumo," alisema. "Nimetafuta mwanzo hadi mwisho. Hakuna mama aliyeidhinishwa. Nani amemwingiza?"

Boeta Frans alizuia tundu kwa bega. Akiulizwa yeye, ataulizwa aliyekuwa upande wa pili, na huko kuna jina, na kwenye jina kuna watoto wawili.

Antie Dollie alimtazama Boeta Frans, akatazama kitambaa cheusi mkononi mwake, akatazama bega lilipokaa. Alikuwepo mazishini Juni. Alijua kabisa nani hakuwepo. Akageuka.

"Huku hajafa mtu, Meneer," alisema. "Mama amefia upande wa pili."

Bwana Terblanche akatoka, akazunguka uani, akapita choo, akaingia jikoni. Ukutani wakamsikia akiuliza. Na sauti ya Bibi Pennington, imejaa kamasi, ikamjibu kwa mshangao, "Lakini bwana wangu, amefia kule. Sisi tumeletewa habari tu." Akatoka tena. Mara tatu alizunguka. Mara ya nne alikaa kwenye ngazi ya choo, akapenga kamasi.

Boeta Frans alitoa mfukoni utepe mweusi aliokuja nao. Ulikuwa wa satini, umekatwa kwenye gauni la Jumapili la mama, na pini. Aliukunja kama sigara, akausukuma tunduni. Ulikaa pale nusunusu, na alianza kuogopa. Kisha ukavutwa.

Muda ukapita. Tundu likasema, "Boeta. Kivedo anafanya nini?"

"Amelala mezani. Haonekani uso. Sioni kitu tena."

"Basi leo nikusimulie mimi," alisema Grieta, na sauti ilikuwa inatetemeka lakini inakwenda. "Nimeuvaa. Mkononi, juu ya koti. Bibi wa kofia ameuona. Ameniuliza hiki nini, nikamwambia tumefiwa. Amesema, naam, bila shaka, sote tumefiwa. Amesimama. Boeta, anararua pazia la dirisha."

"Grieta."

"Anararua. Amejifunga mkononi. Anawapa wenzake. Anasema ni sehemu ya mchezo, anasema hajawahi kuona kitu kama hiki hata London. Wanafunzi wanararua dirisha la pili. Kuna mwanga sasa, naona vumbi lako lote, kumbe hizi pembe ulikuwa huzifagii. Wote wamevaa. Yule mkaguzi ameingia, amekaa mlangoni, ananiangalia mkono. Ananiangalia. Anawaangalia wengine. Bibi anamfunga na yeye."

"Unapiga chuku, Grieta."

"Toka nje utaona."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Boeta Frans alikuwa ndiye aliye nyuma ya nguzo. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho wa mchezo, ambao mpaka leo hajui ulivyokwisha.

Watu walipotoka, alisimama mlangoni na funguo zake. Wasio weupe walitokea mbele, weupe walitokea jikoni, na wote wakakutana kwenye njia ile ile ya miguu, maana Salt River ina moja tu. Na kweli. Weupe arobaini, kila mmoja na kitambaa cha dirisha mkononi. Bwana Terblanche naye anacho, juu ya karatasi zake. Kimoja tu kiling'aa, cha satini, kwenye koti la kijani.

Grieta alisimama mbele yake. Uso wa mama mtupu. Bwana Terblanche alikuwa hatua mbili, na Bibi Pennington hatua moja.

"Samahani," alisema Grieta kwa sauti ya mtu wa Parow. "Marehemu amezikwa wapi?"

Boeta Frans alishusha macho kama sheria inavyopenda, akamwita kama mtumishi amwitavyo bibi mkubwa. "Maitland, miesies. Geti namba nne, chini ya mikalitusi. Mimi huenda Jumapili, saa tisa."

"Asante," alisema Grieta, akaenda zake stesheni. Bibi Pennington akatoa kalamu kwenye mkoba, akaandika kitu kwenye karatasi ya programu. Boeta Frans hakumjali, macho yalikuwa kwenye koti.

Siku iliyofuata alifika Maitland mapema, na maua ya yungiyungi. Alijua anajidanganya. Mwanamke mweupe peke yake kwenye kaburi la mama wa watu, mbele ya mlinzi wa geti, hata kipofu angeuliza. Alikaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani. Saa tisa kasoro dakika tano alisikia miguu kwenye kokoto.

Lilikuja kwanza nyoya la kofia. Nyuma yake wanafunzi sita, kisha mabibi, kisha watu wengine, wote na vitambaa vyao vyeusi, wamepangana wawili wawili kwa heshima. Antie Dollie naye alikuwa geti la nne na akina mama wa viwandani, amesikia kuna watu. "Sehemu ya pili ni hapa?" Bibi Pennington alimnong'oneza Boeta Frans. "Usitujali, endelea tu." Wakazunguka kaburi, weupe na wasio weupe wamechanganyika ovyo, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kuwaonyesha pa kusimama. Mwisho kabisa, akihema, akaja Bwana Terblanche. Alikuja kuangalia kama kibali kinafika mpaka makaburini, alisema, lakini alivua kofia.

Na katikati ya watu wote wale, ambapo hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani wa nani, mwanamke wa koti la kijani alipenya akasimama ubavuni mwa Boeta Frans, bega kwa bega, mbele ya mama yao.

Alitazama udongo kwa muda mrefu. "Sikuwepo," alisema. "Nisimulie."

Boeta Frans akamsimulia. Jeneza lilikuwa la mwaloni, alisema. Kwaya tatu. Msafara uliziba barabara yote, farasi sita weusi mbele, watu wanalia mpaka stesheni. Antie Dollie, aliyekuwa mmoja wa watu kumi na wanne waliozika siku ile kwenye mvua, alitazama viatu vyake akanyamaza. Bwana Terblanche alikuwa ameacha kuandika.

Grieta alimpiga kaka yake kiwiko. Alikuwa analia sasa, bila kujificha.

"Unapiga chuku, Boeta," alisema. "Endelea."